Kuigiza "Oleanna": simu, bega na meza

Tamthilia hii ya David Mamet (1992) ina wahusika wawili: John, profesa anayesubiri ajira ya kudumu huku akinunua nyumba, na Carol, mwanafunzi anayefeli kozi yake. Silaha ya kwanza ya John ni simu. Ikilia, Carol hukatizwa. Basi mwigizaji wake aendelee kusema mpaka mlio umzime, asinyamaze mapema akiusubiri. Kosa hilo huua sehemu ya kwanza.

Wengi humchezesha Carol kama mjanja mwenye njama tangu mwanzo. Hapana, achanganyikiwe kweli. Mkono wa John begani mwake je? Pangeni mapema: ukikaa mno, watazamaji wameshahukumu, usipoonekana, malalamiko ambayo Carol anampelekea John baadaye kwa kamati ya ajira yanakosa mguu wa kusimamia. Meza ya John isihamishwe, kinachohama ni nguvu: Sehemu ya 3, ya mwisho, Carol akae, John asimame.