Rafu ya pili ya friji

Mtoto wa dada yangu kapata. Kapita mtihani wa Kiingereza, kapita usaili, na Agosti anaondoka Unguja kwenda kukaa mwaka mzima wa shule Marekani kwa mpango wa YES, ule ule ulionileta mimi mwaka 2010. Dada kanipigia simu mara tatu wiki hii. Anauliza makoti, anauliza baridi, anauliza kama nyama ya halali inapatikana. Hayo yana majibu mepesi. Zito ni lile aliloliacha mwisho, kwa sauti ya chini: "Hao watu watampenda mwanangu?" Nimelala nalo siku mbili, ndiyo naandika.

Kwa wasioujua, mpango huu unagharamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ulianza mwaka 2002 na unachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Unakaa na familia, unasoma shule ya pale pale kwao, miezi kumi, unarudi. Familia hiyo hailipwi hata senti. Wazazi wengi hawalijui hili, na wangelijua wangewausia watoto wao vingine kabisa. Yule mama anayekusubiri uwanja wa ndege hakukupangisha chumba. Kakuchukua kwa hiari yake, na unachokula kinatoka mfukoni mwake.

Mimi nilipelekwa jimbo la Wisconsin, mji mdogo nusu saa kwa gari kutoka jiji la Green Bay, mahindi na ng'ombe wa maziwa mpaka jicho lichoke. Nilikuwa na miaka 16, na nilifika Ramadhani ishaanza. Kwetu mwezi wa Agosti jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Kule lilikuwa linazama karibu saa mbili usiku, na alfajiri inaingia saa kumi na kitu. Lakini njaa ya mchana haikunishinda. Iliyonishinda ni ya usiku.

Siku ya kwanza mama mwenyeji alinizungusha nyumba nzima, akafungua friji, akasema nile chochote, wakati wowote. Alisema mara moja tu, na kwake yeye yakawa yamekwisha. Mimi nimelelewa Ng'ambo, ile mitaa ya mjini Unguja, kwenye nyumba ambayo mgeni hukaribishwa akakataa, akakaribishwa tena akakataa, mpaka avutwe mkono. Kufungua friji ya watu peke yangu, thubutu! Basi nikawa naamka saa tisa usiku, nashuka ngazi kwa kunyata, nakaa gizani kwenye meza ya jikoni na tende alizonifungia bibi kwenye mfuko wa plastiki, na maji ya bomba. Tende saba. Baadaye tano, maana niliona mfuko unapungua na mwezi bado mrefu. Friji inanguruma nyuma yangu, imejaa, nami naisikiliza.

Usiku wa sita taa ikawashwa. Mama mwenyeji kasimama mlangoni na nguo zake za kulalia. Aliutazama mfuko, akazitazama kokwa tano nilizozipanga juu ya karatasi, akaelewa kabla sijasema neno. Akavuta kiti akakaa. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha vitabuni, kwamba kwetu mtu hajipakulii. Macho yakamjaa machozi. Akachukua kijikaratasi cha manjano, akaandika jina langu, akakibandika kwenye rafu ya pili, akapanga hapo mayai, mtindi, wali uliobaki na mkate. Akaniambia hiyo ni yangu, na asipoiona inapungua atakuja kuniamsha mwenyewe. Na alikuja kweli. Siku tatu tulikula daku pamoja, yeye Mlutheri, kisha akaenda zake kazini.

Shida yangu ya pili ilikuwa jina. Walitaka niwaite kwa majina yao makavu, watu wazima kushinda wazazi wangu! Nilijaribu, ulimi ukakataa. Nikawaeleza kwamba kwetu mwanamke wa heshima huitwa Bi, ndipo jina lifuate. Mama alilipenda sana neno hilo, na kufikia Oktoba hata wanawe wa kuwazaa wakawa wanamwita Bi.

Shule sikuichukia, ila sikuizoea haraka. Mwalimu anabaki darasani kwake na wanafunzi ndio wanaohama kila kipindi. Kipindi kikianza hakuna anayesimama kumwamkia mwalimu. Idd iliangukia Ijumaa, tarehe 10 Septemba, siku ya masomo kama nyingine. Nilivaa gauni jipya, hakuna aliyejua kwa nini, na kipindi cha nne nilijifungia chooni nikalia. Oktoba 31 kwetu kulikuwa na uchaguzi, na mtu wa Zanzibar anajua neno hilo linavyokaza tumbo. Nilikesha mpaka baba akapiga. "Kumetulia mwanangu. Safari hii kumetulia." Hapo ndipo nilipolala.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu nilipewa Desemba. Theluji ilianguka usiku kucha, na asubuhi baba mwenyeji akagawa mabeleshi: moja la kijana wake, moja lake, la tatu akanipa mimi bila ya kusema lolote. Nilisukuma theluji toka mlangoni mpaka barabarani, vidole vimekufa ganzi, na sijapata kufurahi vile tangu nitue. Nilikuwa nimepewa kazi kama mtoto wa pale. Februari, Green Bay Packers, timu ya kule ya mpira wa Kimarekani, walipowafunga Pittsburgh Steelers 31 kwa 25 na kuchukua ubingwa, nilipiga kelele kushinda wote, na mchezo wenyewe nilikuwa nausikia nusu nusu.

Nimemwambia dada na machungu pia. Mwaka ule nyumbani haukuhesabiwa. Niliporudi Juni 2011 wenzangu walikuwa kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa taifa, mimi nikarudi kidato cha tatu, nikakaa dawati moja na waliokuwa nyuma yangu. Na viza yenyewe ina sharti: mpaka ukae nyumbani jumla ya miaka miwili, makazi ya kudumu ya Marekani huyapati, wala baadhi ya viza za kazi za kule. Huku Columbus, Marekani, nilikoolewa nimekuja baadaye sana, kwa njia nyingine.

Jibu la swali lake nimempa hivi: kupendwa kutakuja, ila mtoto asikae akingojea kukaribishwa mara ya pili. Afungue friji. Aulize vyombo vinaoshwa na nani, kisha aoshe yeye. Na wewe dada usimpigie kila siku, maana akili yake itabaki Unguja na mwili peke yake ndio utakaokaa mezani kwa watu.

Tende afunge kilo mbili, moja yake, moja ya wenyeji wake. Ramadhani yake itaangukia katikati ya baridi. Ikiwa naye atapelekwa Wisconsin, jua litazama saa kumi na moja na kitu, na kwa saa ya ukutani atafuturu kabla ya mama yake.