Osha Kwanza, Piga Baadaye: Santuri Katika Hewa ya Mombasa

Anayekwambia santuri zinatafutwa tena kwa sababu sauti yake inashinda faili ya kompyuta amekwambia nusu tu. Faili nzuri haina mkwaruzo, haina mngurumo wa mota, na hilo halina ubishi. Ila nyimbo nyingi za taarabu zilizotolewa na Assanand & Sons wa hapa hapa Mombasa kwa lebo ya Mzuri utazisaka mtandaoni usizipate, au uzipate zimetolewa kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Santuri yenyewe iko karibu zaidi na kile kilichorekodiwa. Ndiyo maana ikikufikia mikononi usikimbilie kuiweka kwenye mashine: vumbi na kuvu vikisagwa na sindano haviondoki tena.

Ijue kwanza ni ya aina gani. Ikiwa nzito, imekakamaa, imeandikwa 78 (mizunguko kwa dakika) na kila upande unachukua dakika tatu hivi, hiyo ni shelaki, ya zama za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Ikianguka imekwisha. Zile za 45 na za 33⅓ kwa kawaida ni vinili, yaani plastiki, nazo hupinda kidogo ukizishika. Usichanganye dawa zake, maana spiriti huyeyusha shelaki.

Maji ya bomba yasikaribie, na ya kisima ndiyo kabisa. Yakikauka huacha chumvi ndani ya mifereji ambamo sindano hupita. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale yaliyosafishwa ya kuongezea, na hakikisha hukupewa asidi. Kwa lita moja tia matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Vinili yenye kuvu unaweza kuitilia alkoholi safi ya isopropili, mililita 100 hadi 200 katika lita hiyo. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa haifai, nyingi huwa zina mafuta ndani yake.

Funika lebo, tandaza maji kidogo, kisha pitisha brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Suuza kwa maji ya betri matupu. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba santuri iliyooshwa inakwaruza kuliko chafu. Isimamishe kwenye kichanja cha sahani, kivulini, feni ikipuliza. Msimu wa mvua ipe saa kadhaa, kwa sababu santuri ikirudi kwenye jalada na unyevu, kuvu litarudi nayo. Bahasha ya ndani iliyooza itupe, weka mpya ya karatasi. Jalada la nje lifute kwa brashi kavu nje ya nyumba, umefunika pua.

Ukiwa bado unanunua, iinamishe santuri chini ya taa. Mifereji iliyogeuka kijivu imeliwa na sindano nzito za zamani na hakuna sabuni itakayoirudisha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, tegemea kusikia tik kila sekunde 1.8 kwa santuri ya 33⅓, au kila 1.33 kwa ya 45. Ukipita bila kunasa, bei ijadilini. Iliyopinda ndani ya gari lililoegeshwa juani iache, ila iwe adimu. Vinili unaweza kuilaza baina ya vioo viwili na uzito juu kwa wiki kadhaa, na haifanikiwi kila mara.

Sasa mashine. Mitumba inayoshuka bandarini hutoka nchi mbalimbali, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Fundi atakuuzia transfoma ya kushusha 240 hadi 110, na mashine itawaka. Lakini transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mashine ya Marekani yenye mota inayofuata stima imeundwa kwa hezi 60. Kwa hezi 50 zetu, santuri ya 45 inazunguka mara 37.5 na mwimbaji wa kike anaanza kuimba kama kaka yake. Dawa ni puli ya hezi 50, au mashine ya kuzungusha moja kwa moja yenye kidhibiti kasi cha kwatzi (quartz), ambayo haijali hezi bali volti tu. Ya belti nayo iangalie belti: joto la Pwani huifanya ilegee au inate kama gundi, na kasi huyumba.

Kwa 78 unahitaji sindano yake, ncha yake ikiwa nene zaidi, nusu kipenyo cha takriban maikroni 76. Ile ya vinili huzama hadi chini ya mfereji, huku ikikwangua vumbi lote. Uzito ambao mkono unaikandamiza sindano ufuate maandishi ya katriji yako, yaani kile kichwa kinachobeba sindano; kwa vinili mara nyingi ni gramu 1.5 hadi 2. Watu hupunguza wakidhani wanailinda santuri, kumbe sindano nyepesi mno huruka na kugonga kuta za mifereji.

Ukisikia mngurumo usiokoma, waya wa ethi haujafungwa kwenye amplifaya. Ukisikia sauti nyembamba isiyo na besi, umechomeka kwenye mlango wa kaseti badala ya ule wa fono, yaani wa mashine ya santuri. Amplifaya yako ikiwa haina mlango huo, nunua priamplifaya ndogo ya fono.

Na ukishaipata sauti safi, irekodi siku hiyo hiyo kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, biti 24. Jina la faili lianze na namba iliyokwaruzwa kwenye ile sehemu tupu kando ya lebo, kwa sababu lebo hubanduka na namba haibanduki.