Kichwa cha Swala

Kichwa cha swala nilikimaliza kwanza, na hicho ndicho kilichoniponza. Kilikuwa kizuri mno. Masikio nilikuwa nimeyabana kwa vidole mpaka yakawa membamba kama jani, macho nikayaweka pembeni kabisa, pua ikakaa kama imetoka kunusa majani mabichi. Kiwiliwili cha mwanamke kilikuwa kinangoja kwenye kiunzi chake cha waya: matiti, nyonga, mgongo wima. Nikapaka uji wa udongo shingoni, nikabandika kichwa, nikarudi nyuma hatua mbili nijipongeze.

Mwalimu alipita na kitambaa kibichi mkononi. Akafunika kichwa.

"Nani huyu?"

"Mwanamke, Mwalimu."

Akahamisha kitambaa, akafunika kiwiliwili. "Na huyu?"

"Swala."

"Basi una sanamu mbili, mwanangu. Huyo mama kavaa barakoa tu." Akaenda zake.

Nilinuna. Kwani Wamisri hawakufanya hivyohivyo? Kwenye rafu ya karakana kulikuwa na kitabu cha picha, nikakifungua penye Sekhmet, mungu wa kike mwenye kichwa cha simba jike. Farao Amenhotep III aliagiza sanamu zake kwa mamia, za jiwe jeusi gumu, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Nikatafuta shingo. Haionekani! Nywele za bandia zimeshuka mikunjo miwili mbele ya mabega hadi karibu na matiti, na pale mnyama anapoishia na mwanamke anapoanzia pamefunikwa. Wajanja wale. Nikakata mikanda miwili ya udongo nikamvika wangu, naye akaonekana kama mtu aliyetoka kuoga na taulo kichwani.

Chini ya kitabu hicho kulikuwa na kingine, cha mifupa ya wanyama. Nilikifungua kwa hasira tu, ili nisiitazame kazi yangu.

Miaka yote nilidhani goti la swala la mguu wa nyuma linakunjika kinyumenyume. Kumbe lile si goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na mnyama huyu anatembea maisha yake yote juu ya ncha za vidole, kwato ndizo kucha zake. Halafu mtulinga hana kabisa. Miguu ya mbele imeshikizwa kifuani kwa misuli mitupu.

Nikamtazama mwanamke wangu. Mitulinga miwili mizuri, niliyoichonga kwa mbwembwe. Na niseme ukweli, mimi mwanamke mwenyewe nilikuwa nimeurundika uanamke wake wote kwenye matiti na nyonga, kama ilivyo kwa sfinksi wengi wa Kigiriki: simba mwenye mabawa, kapewa uso wa kike, na mara nyingine matiti, basi, kazi imekwisha.

Asubuhi nilipitisha waya shingoni. Kichwa cha swala kilianguka ndani ya beseni na kupondeka sikio moja. Kiliniuma, sikatai. Nikampa mwanamke kichwa cha mtu, sura ya kawaida, wala si nzuri. Kisha nikaweka dole gumba juu ya mtulinga wa kushoto nikausawazisha. Bega likaonekana kuporomoka mbele. Nikasita, maana kwa futo moja tu nilikuwa nimemtoa kidogo katika ubinadamu. Nikafuta na wa kulia.

Miguu ilinitesa zaidi. Ili visigino viinuke ilibidi nikunje waya uliokwisha funikwa, na udongo ukapasuka nyuma ya mapaja yote mawili. Nilirefusha nyayo, nikaukaza mwili kwenye vidole, nikaisogeza shingo mbele kuliko inavyoruhusiwa. Akaanza kuinama, nikamwegemezea kijiti kifuani. Matiti sikuyagusa, yalipata mahali pake yenyewe kifua kilipobadilika.

Mwalimu alirudi na kitambaa chake. Alikishika juu ya kichwa, akakishusha mabegani, akazunguka nyuma, akarudi. Hakuona pa kukiweka. Mwishowe akakitupia begani mwake.

"Kasikia nini huyu?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Niligeuka nikaangalia kule alikoelekeza uso. Kulikuwa na mlango tu, umefungwa.