Jicho la mama lilikuwa halimwingii

Sisi tuliolelewa Tanga tunalijua jicho la mama. Wageni wamekaa, mtoto ananyoosha mkono kwenye sahani ya vitumbua, mama anamtupia jicho moja tu, mkono unarudi. Mwanangu ana usonji (autism), hali ya ubongo inayomfanya asisome kirahisi ishara za watu, na jicho langu lilikuwa halimwingii. Alivila hadi cha mwisho, mie nimemtolea macho mpaka yanauma.

Alipotimiza miaka 7 nikaanza kumfundisha kwa kadi za katuni: mdomo umepinda juu ni furaha, chini ni huzuni. Baada ya wiki mbili hakosei hata moja, nami najisifu. Kisha bibi yake akarudi kutoka msibani, akaketi barazani ameshika tama. Mjukuu akampandia mapajani, anataka aimbiwe. Nikamuuliza, "Bibi yukoje?" Akajibu, "Bibi ana kitenge."

Na kweli alikuwa na kitenge. Kumbe kadi alizijua kama kadi, basi.

Nikazifungia kabatini, nikatoa simu. Nikawa naturekodi wenyewe, sekunde kumi kumi: baba anasonya timu yake ikifungwa, dada anabetua mdomo, mie nimeshika kiuno. Tunasimamisha video, namuuliza mikono iko wapi, mabega yamekaaje. Uso tuliuacha mwisho, maana kutazamana macho kunamchosha. Wapo wanaomshika mtoto kidevu wamgeuze kwa nguvu; mie hilo sikulitaka. Kushika tama alikuelewa upesi kuliko midomo yote ya kwenye kadi.

Kilichotusumbua ni kicheko. Mtu hucheka kwa furaha, kwa haya, kwa kejeli, na meno ni yale yale. Hapo nikaona heri nimfundishe kuuliza: "Umefurahi au unanitania?" Watu hushangaa kidogo, lakini hujibu.

Nami nikaacha kutegemea jicho. Siku hizi nasema waziwazi: "Hivi vya wageni, chako kiko jikoni." Nikajifunza na ishara zake: akianza kuvuta sikio, kelele zimemzidi, tutoke nje kabla hajalia.

Juzi nilikuwa jikoni nimeshika tama. Akasimama mlangoni, akaniangalia mkono.

"Mama ana huzuni."

"Hapana baba, jino linaniuma."

Akafikiri, akaondoka. Akarudi na simu, akaanza kunirekodi.