Land Cruiser ya 1HZ iliyonunuliwa mkononi: nini kifunguliwe kwanza

Injini ya 1HZ inavumilia mengi, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Toyota iliitoa mwaka 1990: silinda sita mstari mmoja, cc 4164, dizeli isiyo na turbo wala kompyuta. Ndiyo iliyomo kwenye HZJ75, 78 na 79, zile mkonga za mbugani, za misheni na za miradi. Kwa kuwa inawaka hata ikitelekezwa, unaweza kuwashiwa asubuhi, ikanguruma vizuri, ukatoa pesa, huku sevisi za miaka kadhaa zikikusubiri.

Utaratibu wetu ni huu: kwanza kile kinachoweza kuua injini, pili kile kinachoweza kukunyima usukani, nguvu mwisho. Shokapu za kunyanyua gari na taa za kwenye paa zitangoja.

Anza na mkanda wa taimingi. Kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT ambayo kwa nyingi ya gari hizi huwaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo haijui hali ya mkanda; inahesabu kilomita tu, na mtu huizima kwa dakika chache kwa bisibisi. Kwa hiyo kutowaka kwake si ushahidi wa chochote. Kama hakuna karatasi ya gereji yenye tarehe na kilomita, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa. Ukikatika, kamshafti inasimama na pistoni zinaendelea kupanda zikigonga valvu zilizobaki wazi.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko kwenye Toyota nyingi: kava liko mbele kwa juu, puli ya krenki haitolewi. Zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya krenki mpaka pistoni ya silinda ya kwanza iwe juu na alama za puli zikutane, ndipo utoe mkanda. Badilisha na beringi yake ya kukazia, maana mkanda mpya juu ya beringi iliyochoka ni pesa iliyotupwa. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha angalia alama tena. Ikigoma katikati usilazimishe. Kuna valvu imegusa pistoni, maana yake umekosea jino.

Ukiwa hapo, fungua kava la valvu upime tapeti, yaani nafasi kati ya kamshafti na valvu, kwa fila geji, injini ikiwa baridi kabisa. Valvu za kuingiza hewa ziwe kati ya mm 0.15 na 0.25, za kutoa moshi kati ya 0.35 na 0.45. Hakuna skrubu ya kukaza. Unabadilisha visahani vya unene tofauti, hivyo andika vipimo vyote kumi na viwili kabla ya kwenda dukani. Usidanganywe na ukimya. Tapeti zikibana hazipigi kelele, lakini valvu ya moshi haikai sawasawa kwenye kiti chake, inaungua, mgandamizo unashuka, na gari linaanza kuwaka kwa shida alfajiri. Injini yenye ukelele mdogo wa tapeti ni afadhali kuliko iliyonyamaza kwa sababu hiyo.

Oili zote zimwagwe siku moja: injini, giaboksi, transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma), difu mbili. Kuna kanuni moja isiyovunjwa: fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya kujazia ikiwa imeganda kwa kutu na wewe umeshamwaga, gari halitoki gereji. Difu zinataka oili ya gia ya daraja la GL-5. Giaboksi ya kawaida ipewe GL-4 ya 75W-90, kwani baadhi ya GL-5 hula shaba ya sinkro, zile pete zinazolainisha kuingia kwa gia. Tazama sumaku ya nati: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingia maji, na mara nyingi chanzo ni kipumulio cha difu kilichoziba kwa tope. Difu ikipata moto bila kupumua, presha inasukuma oili kupitia sili. Ukivuka mto ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili hizohizo.

Sasa ekseli ya mbele, ambako ndiko pesa inakofichika. Pitisha kidole nyuma ya gurudumu, kwenye lile tufe la chuma ambalo gurudumu hukatia kona. Grisi nzito iliyopaka utando mwembamba ni sawa. Ukikuta uji mweusi unaotiririka hadi kwenye rimu, sili ya ndani ya ekseli imekufa: oili ya difu imeingia kwenye tufe na kuyeyusha grisi. Wauzaji hulifuta kwa petroli asubuhi ya kukuonyesha, kwa hiyo tazama tena baada ya safari ya kilomita thelathini.

Nyanyua, weka stendi, usitegemee jeki. Kalipa ya breki itundike kwa waya, isining'inie kwenye hosi. Nati sita za habu zina washa za koni zinazong'ang'ania. Gonga kwa kipande cha shaba, zitaruka zenyewe. Nati za beringi zinataka soketi ya 54. Fundi anayezigonga kwa patasi anaharibu meno na hawezi kupima mkazo, mwambie aazime soketi. Bolti nane zikitoka, spindo (shina linalobeba habu) inatoka na jointi ya CV, ile inayozungusha gurudumu hata likikata kona, inavutwa nje. Ichunguze ikiwa imesafishwa: nyufa kwenye kikombe, mashimo kwenye njia za golori. Iliyokuwa ikigonga ka-ka-ka ukikata kona yote haitaponywa na grisi.

Beringi za kingipini, yaani egemeo ambalo gurudumu hukatia kona, juu na chini, ndizo husababisha ule mtikisiko wa usukani kwenye spidi ya 60 hadi 80 ambao watu huutibu kwa balansi ya matairi mwaka mzima. Pitisha ukucha kwenye kikombe cha beringi: kikiwa na vishimo vilivyopangana, tupa. Shimu (visahani vyembamba vya kurekebisha mkazo) zilizo chini ya kifuniko cha juu na za kifuniko cha chini zisichanganywe, wala za kulia na kushoto; funga kila fungu kwa uzi na uliandike. Ukirudisha na beringi mpya, kabla ya kufunga tairodi na sili za nje, vuta mkono wa usukani kwa mizani ya ndoano kama ile ya wauza samaki: uanze kusogea kwa kilo 3 hadi 6. Ukisogea chini ya hapo, punguza shimu. Grisi ya ndani ya tufe iwe ya molybdenum, ijae kama robo tatu. Nati ya beringi za gurudumu kaza Nm 59, zungusha habu mbele na nyuma mara kadhaa, legeza, kisha kaza kidogo tu mpaka uchezaji uishe, ndipo uifunge kwa washa na nati ya pili.

Upande wa maji, mwambao unaziumiza injini hizi kwa maji ya kisima yenye chumvi. Safisha rejeta, badilisha thamostati, weka kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi (distilled). Hosi ya juu ikiwa ngumu asubuhi kabla ya kuwasha, au mapovu yakiendelea kwenye rejeta, silinda hedi ina kasoro. Simamisha gharama nyingine zote mpaka ipimwe.

Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, ndiyo maana mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa yanaila taratibu. Badilisha filta, na maji yaliyokusanyika chini yake yamwagwe kabla hayajawasha taa. Moshi mweusi ukipanda mlima? Filta ya hewa, kisha tapeti, kisha nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu zikapimwe. Asianze na skrubu ya kuongeza mafuta: gari litakimbia wiki kadhaa huku joto la moshi likiunguza pistoni.

Ukishatembea kama kilomita 500, rudi kwenye nati nne za mkono wa usukani kwenye kila tufe uzikaze tena. Zikilegea, ni stadi (bolti zisizo na kichwa ambazo nati hizo hufungwa) zinazobeba mzigo wa kona, na zinakatika moja baada ya nyingine.