Siku moja maishani mwangu: Benzi ya Mwalimu na taa nyekundu ya breki

Saa 12:40 asubuhi. Naingia gereji, Igogo, Mwanza, kabla daladala za Nyegezi hazijaanza kubanana barabarani. Kijana wangu wa kazi ameshafagia, jeki na stendi ziko mahali pake. Simu inaita: ni Mwalimu, mstaafu wa Sengerema, ameshavuka daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lifunguliwe mwaka 2025, watu wa ng'ambo ile wanatufikia na umande. Zamani saa kama hii mtu alikuwa bado anasubiri kivuko.

Saa 1:30. Benzi inaingia polepole. Ni 240D ya dizeli, umbo la W123, lile lililotengenezwa kati ya 1976 na 1985. Magari haya nayapenda, na sifichi. Kila kitu kinafikika kwa mkono na spana, na kila taa ya dashibodi unaweza kuifuata kwa waya mpaka mwisho wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Leo nimekuletea taa."

Anaeleza taratibu, kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Akimpeleka mama kliniki hospitali ya Bugando, wakirudi na kushuka ule mteremko huku anakanyaga breki, taa nyekundu inawaka. Wakifika tambarare inazima. Gereji moja aliyopita walimwongezea mafuta ya breki, ikatulia. Ilipoanza tena, wakamwambia sensa imechoka, dawa yake ni kukata waya. Mwalimu akachukua funguo zake akaondoka.

Nimempa mkono kwa hilo. Magari yaliyokatwa waya huo nayaona, na yananiuma, maana anayepakia watoto asubuhi hajui kwamba gari lake limenyamazishwa.

Saa 2:00. Hatufungui chochote kwanza, tunauliza maswali. Kwenye W123 taa hii inawashwa na mambo mawili: breki ya maegesho, na kiwango cha mafuta ya breki kikishuka. Pedi zikiisha, zina taa yake nyingine. Kwa hiyo naanza na breki ya maegesho, ile pedali ndogo ya kushoto inayokanyagwa kwa mguu na kuachiwa kwa kuvuta mkono wa kwenye dashibodi. Nikiikanyaga taa inawaka, nikiiachia inazima. Naivuta pedali juu kwa vidole, huenda hairudi yote. Inarudi yote. Swichi ya pale iko salama, na balbu nayo ni nzima.

Boneti. Kopo la mafuta ya breki limekaa juu ya masta silinda, ile pampu kuu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, upande wa dereva. Kwa ndani lina ukuta katikati, vyumba viwili, kila kimoja kinalisha mfumo wake wa breki. Lengo la ukuta ule ni kwamba upande mmoja ukivuja mpaka ukauke, upande wa pili ubaki na akiba ya kukusimamisha. Kila chumba kina sensa yake, na juu yake kuna kitufe cha raba. Switi imewashwa, breki ya maegesho imeachiwa, kijana anabonyeza kitufe cha kwanza: taa inawaka. Cha pili: inawaka.

"Kwa hiyo sensa ni nzima?" Mwalimu anauliza.

"Ni nzima zote mbili, Mwalimu. Zinakwambia ukweli. Mafuta yako yamepungua."

Tunatazama kwa tochi. Chumba cha nyuma, kilicho upande wa busta (ile ngoma ya chuma inayouongezea mguu nguvu), kimeshuka kuliko mwenzake, kiko usawa wa alama ya chini kabisa. Gari likiinamisha pua na breki zikakanyagwa, mafuta yanakimbilia mbele, sensa inabaki hewani. Ndiyo taa ya mteremko wa Bugando.

Saa 3:00. Hiace ya abiria inaingia ikipiga kelele gurudumu la mbele, chuma juu ya chuma. Pedi mpya, diski nayo imekwisha, nimemwambia mwenye gari hivyo mbele ya dereva wake. Saa nzima imeondoka.

Saa 4:15. Narudi kwenye Benzi. Mafuta ya breki yamefungiwa ndani ya mfumo. Hayaungui kama oili ya injini, hayakauki kwa jua. Yakipungua, ni mambo mawili. Kwanza pedi: zikilika, pistoni za kaliper, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zinatoka nje zaidi, nafasi nyuma yake inajazwa na mafuta, kopo linashuka bila kuvuja hata tone. Ndiyo maana naona vibaya kuongeza mafuta kabla ya kuvua tairi. Tunavua zote nne, na gari hili lina diski mbele na nyuma. Pedi zina unene wa kutosha.

Jambo la pili ni kuvuja. Napitisha kidole kwenye mipira ya breki, kwenye maungio ya mabomba, chini ya kila kaliper. Pakavu. Kijana anaanza kukata tamaa, namwona usoni. Namwambia avute kidogo ya mafuta kwa sirinji, tuyadondoshee kwenye glasi ya maji. Mafuta sahihi ya breki yanachanganyika na maji. Oili ya madini inaelea juu, na oili hiyo ikiingia humu inavimbisha sili zote za raba na kuziharibu. Haya yamechanganyika. Waliomwongezea walitumia kitu sahihi, haki yao niwape. Ila rangi yake! Mafuta haya yakiwa mapya yanakaribia kuwa meupe. Haya ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

"Mwalimu, haya yalibadilishwa lini mara ya mwisho?"

Anafungua daftari lake la gari, lile la kurasa za mistari, mwandiko wa wino wa bluu ulionyooka. Oili ya injini, ipo, na kilomita zake. Chujio la dizeli, lipo. Betri, tairi, mkanda wa feni. Anapekua nyuma, anapekua mbele. Mafuta ya breki hayamo popote.

Saa 6:00 mchana. Hapa ndipo pa kwenda bila haraka. Natandika kitambaa chenye maji juu ya madigadi, kwa sababu mafuta haya yanakula rangi, na rangi ya gari hili bado ni ile ya kiwandani. Nalegeza nati mbili zinazoishika masta silinda kwenye busta, naivuta mbele kidogo tu, mabomba yakiwa yamefungwa bado. Pale nyuma, penye mduara wa kuunganishia, pamelowa. Rangi ya busta imevimba na kubanduka kwa upande wa chini, vipande laini vinavyotoka kwa ukucha. Nazungushia kitambaa cheupe kwenye ncha ya waya, nakipenyeza ndani ya busta mpaka chini, nakitoa. Kimelowa, kahawia.

Namwita Mwalimu aone kwa macho yake. Sili ya mwisho ya masta silinda imelika, mafuta yanapita nyuma yake na kuingia moja kwa moja kwenye busta. Ardhi haioni tone. Busta inavutwa hewa muda wote injini ikiwaka, na kwenye dizeli hii kazi hiyo inafanywa na pampu iliyoko mbele ya injini, kwa hiyo mafuta yanavutwa huko huko. Mtu anaweza kulala chini ya gari hili siku nzima na tochi asipate kitu.

Saa 7:20. Ugali na sato kwa mama ntilie wa hapo jirani. Upepo wa ziwa umeanza. Mwalimu anataka kujua sili inalikaje, na swali lake ni zuri. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, na mji huu wa ziwani haukosi unyevu. Maji yakishaingia, chuma cha ndani ya masta silinda kinapata kutu na vishimo vidogo, na kila unapokanyaga breki raba inakwaruzwa na vishimo hivyo. Halafu kuna joto. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 230, lakini ikishalewa maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu unapata mapovu, na mapovu yanabonyea, pedali inaenda chini bure. Kwa hiyo ninayabadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linalala uani. Kopo lililofunguliwa likibaki, silirudishi kwenye shelfu.

Saa 8:30. Mwalimu anauliza lile ambalo wote huuliza: akiongeza mafuta, akaenda mwendo wa pole, hawezi kufika Sengerema leo, alirudishe gari wiki ijayo?

Narudisha nati, nawasha injini, namkalisha kwenye usukani.

"Kanyaga kwa nguvu, Mwalimu." Pedali inasimama juu, ngumu. "Sasa ilegeze. Kanyaga kidogo tu, kama unavyoshikilia gari kwenye foleni, na usiongeze nguvu."

Anakaa kimya. Pedali inazama chini ya kiatu chake, polepole, bila kusimama. Nguvu nyingi hubana sili kwenye ukuta, ndiyo maana wengi wakipima kwa kukanyaga kwa hasira wanasema breki ziko sawa. Nguvu ndogo ndiyo inayofichua.

Anazima injini, ananikabidhi funguo. "Nitapanda Hiace."

Saa 9:30. Tunatoa masta silinda, tunakinga mabomba kwa plastiki safi. Naifungua mezani nijiridhishe. Vishimo vipo, nasikia ukucha ukikwama. Kuweka sili mpya kwenye ukuta kama huu ni kumrudisha Mwalimu kwangu baada ya muda mfupi, tena pengine kwa kuburutwa. Lazima masta silinda mpya. Busta nayo tunaikausha na kuipima kama inashika hewa. Diaframu yake, ule utando wa ndani, ni raba, nayo imeogeshwa mafuta kwa muda.

Saa 11:00 jioni. Mjini spea ya aina hii haipo leo. Nampigia muuzaji Dar es Salaam, namsomea namba ya chesesi, kisha namtumia picha ya maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wa masta silinda, kwa sababu W123 zilitoka na breki za watengenezaji zaidi ya mmoja na zinafanana kwa macho. Anayo, boksi linapakiwa kwenye basi la usiku. Nikilipokea nitalinganisha namba kwanza, ndipo tuguse mabomba, tujaze mafuta mapya mfumo wote na kutoa upepo gurudumu kwa gurudumu. Mwalimu ameomba awepo tukifanya hivyo, na nimemwambia aje na daftari.