Niliandika jina la mama kwenye kila nguo

Usiku kabla ya kumpeleka mama nilikaa sakafuni na maka peni naandika jina lake kwenye magauni, soksi, mpaka taulo, maana tuliambiwa kule kwenye nyumba ya wazee nguo zinafuliwa pamoja na isiyo na jina inapotea. Nilipofika kwenye sweta lake la bluu mkono ukagoma, nikalia sana jamani.

Nimemuuguza miaka minne. Dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilianza taratibu tu, anauliza kitu kilekile mara tano, baadae ikawa ikifika jioni anabadilika kabisa, anataka kwenda kwao, anavuta kitasa cha mlango, umwambie mama hapa ndo kwako haelewi, na usiku halali. Akaanguka bafuni mara mbili. Ile ya pili nilishindwa kumnyanyua tukabaki wote chini kwenye maji, mi nimemkumbatia asipate baridi, hadi jirani alipokuja. Hapo ndo nikajua mikono yangu miwili haitoshi tena.

Ndugu wakapiga simu, yaani unamtupa mama? Iliniuma na bado inaniuma, hasa ikitoka kwa mtu ambaye hajawahi hata kumbadilisha diapa.

Wiki ya kwanza alikataa kula na akachanganyikiwa zaidi, manesi wakasema mtu wa dimenshia akihamishwa inatokea sana. Na mimi huku nyumbani saa nane usiku naamka nimgeuze, kumbe kitanda kitupu.

Kilichotusaidia ni karatasi moja. Niliandika kwamba alikuwa mwalimu, sikio la kushoto halisikii kwa hiyo simama kulia, chai iwe vuguvugu, jioni akianza kuhangaika usibishane nae, mpe kitu akunje. Wakaibandika ukutani. Kama unauguza mtu andika hiyo karatasi mapema, sababu wao wanajua dawa zake ila yeye hawamjui, we ndo unamjua. Na uende saa tofauti tofauti, sio Jumapili mchana tu. Mi bado namwangalia visigino na mgongo kama kuna kidonda cha kulala au kukaa sana kinaanza, hakuna nesi aliyewahi kuninunia kwa hilo.

Juzi nimemkuta anakunja taulo, nesi kasimama upande wa kulia. Jina langu halikumjia. Aliniangalia kidogo akaniuliza kama nimekula.